Jinsi ya Kusoma Utabiri wa Upepo wa Milburn, Kijiji Kilicho Chini ya Cross Fell: Mwongozo Kamili

Wenzetu wanaoishi na kufanya kazi vijijini kaskazini mwa Uingereza hukwama mahali pale pale. Mtu anafungua simu, anaona upepo wa maili 18 kwa saa, anaanika nguo, anaacha turubai juu ya kuni, au anapanda ngazi kusafisha gata za paa. Saa mbili baadaye turubai liko shamba la jirani, naye anasema utabiri umemdanganya.

Mara nyingi utabiri haukudanganya. Alisoma kasi tu. Hakuangalia upepo unatoka wapi, mivumo yake ya ghafla inafika wapi, wala saa ambayo mambo yatabadilika. Katika kijiji kilicho chini ya mlima, mwelekeo ndio wa kusoma kwanza. Maili 18 za kusini-magharibi na maili 18 za kaskazini-mashariki ni pepo mbili tofauti kabisa, na mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo.

Nimechukua Milburn, kijiji kidogo cha Cumbria katika bonde la mto Eden, ambako nyumba za mawe zimezunguka uwanja wa majani. Hatua hizi zinafaa pia Dufton, Kirkland, Ousby na Melmerby, kwa kuwa vijiji hivyo vyote vimejipanga chini ya safu ile ile ya milima ya Pennines. Aliye kwenye tambarare, kwa mfano Lincolnshire, aruke hatua ya 6 na kuzitumia nyingine zote.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yenye programu ya Met Office, mamlaka ya hali ya hewa ya Uingereza. Weka jina la kijiji chenyewe. Usiweke Penrith kwa sababu tu ndio mji ulio karibu.
- Ramani za mgandamizo wa hewa, ambazo Met Office hutoa bure kwenye tovuti yake.
- Utabiri wa milimani wa Mountain Weather Information Service, sehemu ya Yorkshire Dales na North Pennines.
- Ramani ya ardhi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, yenye mistari ya mwinuko.
- Dira. Ya simu inatosha, ila usiisome ukiwa umeegemea gari au geti la chuma.
- Ufito wa mita 2 na utepe wa kitambaa chepesi, urefu wa mkono mmoja hivi.
- Daftari na kalamu.

Kipima upepo cha mkononi kinasaidia, lakini si lazima. Utepe na macho yako vitakupeleka mbali.

## Hatua ya 1: Chora mazingira yako

Simama mlangoni na dira, tafuta kaskazini-mashariki, kisha chora nyumba yako kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Onyesha kuta, ua wa miti, banda, kamba ya nguo, mapipa ya taka na kila upenyo kati ya nyumba yako na ya jirani.

Sasa weka mlima. Safu ya Pennines inapita kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, upande wa kaskazini-mashariki wa kijiji. Kilele chake kikubwa ni Cross Fell, mita 893. Karibu yake kuna Great Dun Fell, mita 848, na juu yake kuba jeupe la rada linaloonekana kutoka mbali bondeni. Kuba hilo utalihitaji baadaye, kwa hiyo jua mapema ni sehemu gani ya uwanja wako unaweza kuliona.

Angalia pia mistari ya mwinuko kwenye ramani. Upande wa mashariki wa safu mteremko ni wa polepole. Upande wa kwako mistari imebanana kwa sababu ardhi inaporomoka kwa kasi. Tofauti hiyo ya miteremko ndiyo inayozaa upepo wa hatua ya 6.

Umefaulu ukiweza kunyoosha mkono kuelekea kaskazini-mashariki usiku, bila dira na bila taa.

## Hatua ya 2: Hakikisha vipimo na saa

Met Office huonyesha kasi kwa maili kwa saa. Programu nyingine hutumia kilomita kwa saa, mita kwa sekunde, au noti za mabaharia. Namba 20 ina maana nne tofauti kutegemea kipimo:

- Maili 20 kwa saa ni kilomita 32 kwa saa.
- Noti 20 ni maili 23 kwa saa.
- Mita 20 kwa sekunde ni maili 45 kwa saa, na hiyo tayari ni dhoruba.

Chagua kipimo kimoja, ukiweke katika kila programu unayotumia, kisha usikibadilishe. Hapa natumia maili kwa saa, kwa kuwa ndicho kinachosikika redioni na kuandikwa kwenye maonyo.

Saa nazo huwaponza wengi wetu. Utabiri ukiandika 15:00, hiyo ni saa tisa alasiri. Ramani za mgandamizo hutumia saa ya dunia, UTC. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa ya Uingereza iko mbele ya UTC kwa saa moja. Ramani ya 12 UTC mwezi wa Mei ni ya 13:00 ukutani, yaani saa saba mchana.

## Hatua ya 3: Soma mwelekeo kabla ya kasi

Upepo hupewa jina la unakotoka. Aliyekulia pwani anajua hili tangu utotoni: kaskazi hutoka kaskazini na kusi hutoka kusini. Kinachochanganya ni mishale. Katika programu nyingi mshale unaonyesha upepo unakokwenda. Ukiona mshale unaoelekea kusini-magharibi, upepo ni wa kaskazini-mashariki. Soma herufi zilizo kando ya mshale ili uhakikishe: NE ni kaskazini-mashariki, SW ni kusini-magharibi.

Upepo unaotawala Uingereza kwa sehemu kubwa ya mwaka ni wa kusini-magharibi. Hapa Milburn unakuja kupitia bondeni, mara nyingi na mawingu na mvua, na mlima uko mbele yake. Mwishoni mwa majira ya baridi na katika majira ya kuchipua, pepo za mashariki na kaskazini-mashariki huongezeka, na hizo hukujia kutoka juu ya mlima.

Andika mwelekeo wa kila saa tatu kwa saa 24 zijazo, halafu zungushia duara saa ambazo upepo uko kati ya kaskazini na mashariki. Kama hakuna duara hata moja, hatua ya 6 unaweza kuiacha kwa leo.

## Hatua ya 4: Tenganisha wastani na mivumo

Kasi ya kwanza unayoiona kwenye utabiri ni wastani, tena wa upepo uliopimwa mita 10 juu ya ardhi iliyo wazi. Mvumo wa ghafla hudumu sekunde chache tu, na ndio unaovunja vitu. Utabiri wa kila saa una mstari wake wa mivumo, kwa hiyo shuka chini uutafute.

Kwa nini ni muhimu hivi? Nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma ukuta, turubai au mwili wako huongezeka mara nne. Banda lililostahimili maili 20 halijathibitisha lolote kuhusu maili 40.

Tumia kipimo cha Beaufort kupatanisha namba na unachokiona nje:

- Maili 8 hadi 12: majani na vitawi vidogo vinacheza muda wote, utepe umenyooka. Siku nzuri ya kuanika.
- Maili 13 hadi 18: vumbi na karatasi vinaruka, matawi madogo yanatikisika.
- Maili 19 hadi 24: miti midogo yenye majani inayumba.
- Maili 25 hadi 31: matawi makubwa yanatikisika, waya zinapiga mluzi, mwavuli hauna kazi tena.
- Maili 32 hadi 38: miti mizima inayumba, kutembea kinyume na upepo ni shida.
- Maili 39 hadi 46: vitawi vinakatika, kutembea ni kazi ngumu.
- Maili 47 hadi 54: vigae na vichwa vya dohani vinaanza kung'oka.

Kipimo hiki ni cha wastani. Mvumo mmoja wa maili 40 hauufanyi upepo wote kuwa wa daraja hilo, lakini unatosha kumwangusha mtu aliye kwenye ngazi. Onyo: kwa ngazi, paa, msumeno wa miti na karatasi za kitalu nyumba, amua kwa mivumo, usiamue kwa wastani.

## Hatua ya 5: Fungua ramani ya mgandamizo

Watu wengi huruka hatua hii wakidhani ni ya wataalamu. Inachukua dakika mbili, na inakupa sababu ya upepo, jambo ambalo programu ya simu haikupi.

Mistari iliyozunguka ramani huunganisha sehemu zenye mgandamizo sawa wa hewa, na kwenye ramani za Met Office kila mstari umepishana na mwenzake kwa hektopaskali 4. Mistari ikibanana upepo ni mkali. Ikiachana upepo ni hafifu.

Kwa mwelekeo kuna kanuni rahisi: ukiupa upepo mgongo, mgandamizo mdogo uko upande wa mkono wako wa kushoto. Hiyo ni kaskazini mwa ikweta. Kule Mtwara au Dar es Salaam ungekuwa mkono wa kulia, kwa hiyo kama ulijifunzia nyumbani, geuza.

Unatafuta picha moja hasa: herufi H, mgandamizo mkubwa, kaskazini au kaskazini-magharibi ya Uingereza, na herufi L, mgandamizo mdogo, upande wa Ufaransa au Bahari ya Kaskazini, huku mistari imebanana juu ya kaskazini mwa Uingereza. Mpangilio huo huleta upepo wa kaskazini-mashariki juu ya Pennines. Ukiuona kwenye ramani za siku mbili au tatu mfululizo, upepo huo haukuja kupita njia. Umekuja kukaa.

Kuhusu kuamini: siku 1 hadi 3 mbele, utabiri wa upepo unatosha kupangia kazi. Baada ya siku ya 5, chukua picha ya jumla tu na usipange kazi ya paa kwa saa.

## Hatua ya 6: Kagua dalili za Helm

Upepo mwingi wa Uingereza hauna jina. Huu wa bonde la Eden unalo: Helm. Ni upepo baridi wa kaskazini-mashariki unaoporomoka kutoka kwenye safu ya Cross Fell na kuvipiga vijiji vilivyo chini yake. Namba za simu huwa hazikuandai kwa ukali wake, kwani eneo unaloligusa ni jembamba.

Chanzo chake ni hiki. Hewa baridi kutoka Bahari ya Kaskazini inapanda ule mteremko wa polepole wa mashariki. Juu yake kuna tabaka la hewa yenye joto kidogo linaloizuia isiendelee kupanda. Ikifika ukingoni inabanwa kati ya mlima na tabaka hilo, kisha inateremka kwa kasi upande wa magharibi, kama maji ya kijito yanavyoongeza mwendo yakivuka jiwe na kurusha wimbi mbele yake. Wimbi hilo la hewa husimama angani kilomita kadhaa kutoka mlimani.

Toka nje utazame mambo haya kwa mpangilio:

1. Mlima umevaa kofia. Wingu zito limelala juu ya ukingo na kuufuata umbo lake, ukingo wake wa chini ukiwa umenyooka. Kuba la Great Dun Fell limefunikwa au limebaki nusu.
2. Kuna wingu la pili, refu na jembamba, sambamba na mlima, upande wa bondeni. Wenyeji huliita Bar. Ukilitazama kwa dakika tano utaona linajiviringisha papo hapo bila kwenda kokote, ingawa chini yako upepo unavuma.
3. Kati ya mawingu hayo mawili anga ni safi. Mgeni anaona anga ya buluu na kudhani siku ni nzuri.
4. Kuna mngurumo usiokatika unaotoka upande wa mlimani.
5. Bondeni kumetulia. Chini ya Bar upepo hufa, na wakati mwingine hugeuka na kuvuma kinyume. Mtu wa Milburn anaweza kushindwa kufungua mlango wa gari huku aliye umbali mfupi kuelekea Penrith akishangaa unalalamikia nini.

Dalili ya 1 na ya 2 zikiwepo pamoja, na hatua ya 3 imekupa kaskazini-mashariki, chukulia kwamba ni Helm. Unaweza kuisha kwa saa chache, na unaweza kuendelea kwa siku kadhaa.

Onyo: usipime Helm kwa kumpigia simu rafiki aliye mjini. Yeye ni mkweli, lakini yuko upande wa pili wa Bar.

Tuseme, kwa mfano, ni Aprili na utabiri wa Milburn unasema: kaskazini-mashariki, wastani maili 17, mivumo 36, jua. Aliyesoma kasi tu ataanika blanketi. Wewe umeona mistari imebanana na kofia iko mlimani. Mwanzo wa kazi yako ni ile namba 36, tena ukiwa tayari kwa zaidi. Blanketi zinabaki ndani, kitalu nyumba kinafungwa milango yote miwili, na ngazi hairuhusiwi kutoka bandani.

## Hatua ya 7: Shusha utabiri hadi uani kwako

Modeli ya kompyuta ya Met Office inayotumika kwa Uingereza hugawa nchi katika miraba ya kilomita 1.5. Mraba mmoja unameza kijiji kizima, na haujui ukuta wako uko wapi. Hapo ndipo mchoro wa hatua ya 1 unafanya kazi.

Chora mshale wa upepo wa leo juu ya mchoro. Upande wa joshi, yaani upepo unakotokea, utapokea pigo lote. Upande wa demani ndiko kwenye kinga, lakini kinga hazilingani:

Ukuta mzima wa mawe unazuia upepo karibu yake, kisha upepo unaouruka unaanguka nyuma na kuzunguka. Mapipa ya taka hupinduliwa hapo mara nyingi.

Ua wa miti unaopitisha hewa kidogo hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa unaupunguza upepo bila kuuzungusha. Kinga yake nzuri hufika takriban mara 10 ya urefu wake, kwa hiyo ua wa mita 2 unakulinda kama mita 20. Ila ua uliopandwa kusini-magharibi haukusaidii lolote siku ya Helm, na bustani nyingi zimepandwa hivyo.

Upenyo kati ya nyumba mbili huongeza kasi. Usiegeshe baiskeli hapo, na fungua mlango ulio hapo kwa mikono miwili.

Chomeka ufito wenye utepe mahali utakapofanyia kazi. Utepe ukinyooka upande mmoja, mahali hapo pako wazi kwa upepo. Ukipigapiga huku na huko, uko kwenye mzunguko, na vitu vinaweza kusukumwa kutoka upande wowote.

## Hatua ya 8: Hakiki asubuhi kwa vipimo halisi

Utabiri ni makadirio, na kituo kinatoa kipimo. Kabla ya kazi kubwa angalia vituo viwili: Great Dun Fell kileleni na Warcop bondeni.

Great Dun Fell hupigwa na upepo mkali kuliko kijiji karibu kila siku, kwa hiyo usiichukue namba yake kama yako. Tazama mwelekeo wake na kama kasi inapanda au inashuka saa hadi saa. Ikiwa kileleni ni kaskazini-mashariki na kasi inapanda, ahirisha kazi ya juu hata kama uani kumetulia.

Asubuhi ya baridi yenye anga safi inahitaji uangalifu zaidi. Usiku hewa baridi hutuama bondeni na kutenganishwa na upepo wa juu. Jua likipasha ardhi joto, hewa huchanganyika na upepo wa juu hushuka. Utulivu wa saa moja asubuhi hauthibitishi chochote kuhusu saa nane mchana.

## Hatua ya 9: Fuata maonyo na ujiandae

Met Office hutoa maonyo ya njano, ya kaharabu na mekundu. Rangi hutokana na mambo mawili yakiwekwa pamoja: ukubwa wa madhara na uwezekano wa kutokea. Kwa hiyo onyo la njano linaweza kuwa la usumbufu mdogo ulio karibu na uhakika, au la madhara makubwa yenye uwezekano mdogo. Fungua maelezo usome ni lipi. Wengi huona njano na kuendelea na shughuli.

Soma na mwelekeo. Dhoruba Arwen ya tarehe 26 na 27 Novemba 2021 ilikuja na upepo wa kaskazini na kaskazini-mashariki, na miti iliyozoea kujishikilia dhidi ya upepo wa kusini-magharibi iling'oka kwa wingi. Zaidi ya nyumba milioni moja zilikatikiwa umeme, na maelfu zilikaa gizani zaidi ya wiki.

Onyo la kaharabu au jekundu likitoka, fanya haya mchana:

- Funga au ingiza ndani trampolini, viti, mapipa na ngazi. Trampolini ndiyo ya kwanza.
- Chaji simu, tochi na pawabenki. Simu ya mezani inayopita kwenye intaneti huzimika pamoja na umeme.
- Weka namba 105, ya bure, ya kuripoti kukatika kwa umeme popote England, Scotland na Wales.
- Kama nyumbani kuna mgonjwa anayetumia mashine, mzee au mtoto mchanga, mwandikishe mapema kwenye orodha ya huduma za kipaumbele ya kampuni ya umeme ya eneo lako.
- Ukiendesha lori au gari refu la boksi, angalia barabara ya A66 kati ya Brough na Bowes kabla ya kuondoka. Hufungwa kwa magari ya aina hiyo upepo ukizidi.

Onyo: waya wa umeme ulioanguka usiusogelee, hata ukionekana hauna moto. Piga 105, na kama kuna hatari kwa mtu piga 999.

## Hatua ya 10: Weka daftari la mwezi mmoja

Kila siku andika mstari mmoja: mwelekeo uliotabiriwa, wastani, mivumo, kisha ulichokiona kwenye utepe na miti kwa kipimo cha hatua ya 4. Andika pia kama mlima ulivaa kofia. Dakika moja inatosha, mradi iwe saa ile ile.

Mwisho wa mwezi tenganisha siku za kusini-magharibi na za kaskazini-mashariki, na uzisome mbalimbali. Pengine utakuta upepo wa kusini-magharibi unafika uani ukiwa hafifu kuliko utabiri, kwa kuwa nyumba za jirani zinaukinga, huku wa kaskazini-mashariki ukizidi namba kila mara. Hapo tengeneza kanuni mbili na uzibandike ndani ya mlango wa jikoni. Ukizichanganya kuwa wastani mmoja, utapata kanuni isiyofaa kwa siku yoyote.

Kama mwezi wako umeangukia Julai na hukupata siku za kaskazini-mashariki za kutosha, acha nafasi yake wazi na uendelee na daftari kuanzia Februari hadi Mei.